Mtaalamu wa Mipaka

Kwetu Kwale ukisema unasomea udaktari, unachinjiwa kuku. Ukisema unasomea falsafa, unaulizwa kama nafasi za ualimu zimeshajaa. Shahada ya kwanza nilichanganya falsafa na dini, wazee wakavumilia, maana dini wanaijua. Nilipoingia uzamili wa falsafa tupu, mjomba alinikalisha barazani akanitaka nimtajie mwanafalsafa mmoja tu, Mkenya, aliyewahi kufaa kitu.

Nikamtaja Henry Odera Oruka, ambaye ndiye ninayemwandikia tasnifu. Alikwenda Uppsala, Sweden, akasoma mambo ya hali ya hewa kabla ya kuhamia falsafa. (Hapo nilipita mbio, mjomba asije akauliza kwa nini hakubaki kwenye mvua.) Miaka ya 1970, akiwa Chuo Kikuu cha Nairobi, alichoshwa na madai kwamba Mwafrika ana mila lakini hana mwanafalsafa. Akaenda vijijini na kinasa sauti kuwahoji wazee kuhusu Mungu, kifo na haki. Waliorudia tu ya wahenga aliwaweka fungu lao. Waliothubutu kuyahoji kwa hoja zao wenyewe akawahesabu wanafalsafa kamili, hata kama shule hawakuiona.

Mjomba akapiga miayo. Ndipo nikatoa karata ya mwisho: mwaka 1987, katika kesi ya maziko ya wakili S.M. Otieno, Oruka aliitwa mahakamani kutoa ushahidi wa kitaalamu kuhusu mila za Wajaluo.

Mjomba akakaa wima. Kesi ile aliifuata redioni neno kwa neno: maiti mochari tangu Desemba hadi Mei, mjane huku, ukoo kule.

"Alisimama upande gani?"

"Wa ukoo."

"Na ukoo ukashinda!" Akajipiga paja. "Kumbe ni kazi ya maana, mwanangu."

Haikupita wiki, kijiji kizima kikawa kinajua kwamba mpwa wake anasomea kesi za mipaka na maziko. Simu zikaanza. Huyu mbuzi wake kazalia kwa jirani. Yule anataka kujua shangazi yake azikwe wapi, na shangazi mwenyewe yu pembeni anasikiliza na kutoa maoni.

Basi nilipokwenda kumhoji mzee mmoja anayesifika kwa busara, nilimkuta kavaa kanzu ya Idi, na mkononi bahasha ya kaki iliyotuna kwa risiti za tangu enzi ya mkoloni. Nikaamkia, nikawasha simu irekodi.

"Mzee, unaamini Mungu yupo?"

"Yupo, na anajua ule mkorosho wa tatu ni wa nani."

Nikauliza haki ni nini. Akanyoosha kidole kwenye mkorosho. Kifo? Aliyeupanda ni babu yake, na amekufa. Nikakimbilia swali ambalo Oruka angelipenda: liko jambo ambalo watu wako wote wanaliamini, nawe unalipinga?

"Mimi nawapinga wote," akasema. "Chifu, imamu na wazee wa kijiji. Wote wanasema mkorosho si wangu."

Kwa vigezo vya Oruka, naona huyo amefuzu: anaikabili jamii nzima kwa hoja. Tatizo ni kwamba hoja yenyewe ni moja, na ina korosho.

Msimamizi wangu aliisikiliza rekodi yote, jogoo na adhana zikiwemo. Akavua miwani, akaifuta, kisha akauliza kama yule mzee ana hatimiliki halisi au nakala, maana kwao nyumbani kuna shamba.