Sifa za Bwana Haitoshi

Washairi wamemaliza wino kusifu mali, mapenzi na ushujaa. Mimi namsifu Bwana Haitoshi, mtumishi asiyedai mshahara, asiyeugua, wala asiyekosa kazi.

Mtazameni pale Kilwa ya Haut-Katanga, Kongo, kando ya Ziwa Mweru. Shaba na fedha ya mgodi wa Dikulushi ilipita bandarini ikavushwa kwenda Zambia. Mjini akabaki yeye. Oktoba 2004 kikazuka kikundi cha waasi: watu wachache, silaha haba, hata uasi wenyewe haukutosha kuitwa vita. Kesho yake jeshi likafika. Siku hiyo tu Bwana Haitoshi alipewa likizo. Risasi zilitosha. Usafiri nao ulitosha: ndege na magari ya kampuni ya Anvil Mining yalibeba askari, na kampuni ikasema serikali iliyachukua kwa amri. Wakafa watu zaidi ya 70, wengine wakifukiwa pamoja huko Nsensele.

Likizo ilipokwisha, akarudi kazini kwa ari. Juni 2007 aliketi katika mahakama ya kijeshi Lubumbashi. Maneno ya mashahidi hayakutosha. Wanajeshi na wafanyakazi watatu wa kampuni wakaondolewa hatia ya mauaji ya Kilwa. Waliofiwa wakabisha hodi Kanada kuishtaki kampuni, wakamkuta ametangulia. Januari 2012 Mahakama ya Rufaa ya Quebec iliona kesi haina uhusiano wa kutosha na jimbo lake. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa kuisikiliza.

Adabu yake iliyoje! "Hapana" ni neno la ugomvi, humtoa mtu mlangoni akiwa amekunja ngumi. Haitoshi humtoa kwa heshima, akiwa na tumaini na orodha ya karatasi za kuleta tena. Nani amchukie?

Mwaka 2017 ikatangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: serikali ya Kongo ina makosa, iwalipe walalamikaji fidia ya dola zaidi ya milioni 2. Nikamhurumia mzee wa watu, nikajua kibarua kimeota nyasi. Wapi! Miaka ikapita, malipo hayakuonekana, naye akaongezewa mkataba.

Basi wanaosema haba na haba hujaza kibaba waende Kilwa wakapime. Ushahidi haba, haki haba, fidia haba: kibaba cha nani kimejaa?