Muulize Babu Stesheni

“Babu Stesheni, shikamoo. Nilitengeneza mvinyo wa mananasi, siku ya sita nikaujaza kwenye chupa nane za kioo na kuzificha uvunguni. Usiku wa manane zikalipuka. Mama mwenye nyumba alifika wa kwanza, ameshika mchi. Dari limeharibika, mchumba wangu hapokei simu, na nimeambiwa nihame mwisho wa mwezi. Nifanyeje? – Niliyelowa, Tabata.”

Marahaba, mjukuu wangu. Umefanya vema kuniandikia mimi. Wengine wangekupeleka kwa mwanasheria, na mwanasheria hajui hamira.

Tuanze na jambo la msingi, yaani mimi. Nimekaa stesheni ya Dodoma miaka 31, na katika miaka yote hiyo hakuna treni iliyoondoka kabla sijanyanyua bendera ya kijani. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Ningekuwepo, ingefika 1912 na chenji ingebaki. Nayasema haya kwa sababu yanahusu mananasi yako moja kwa moja. Vuta subira.

Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Msimu ukifika, kina mama walikuwa wakikimbia kando ya mabehewa na vikapu kichwani, abiria wananunulia dirishani, treni inaondoka na noti ya mtu bado iko hewani. Siku moja mfanyabiashara alishusha ndoo mbili za zabibu, akaenda kunywa chai, hakurudi tena. Kanuni za kazi zilisema mali isiyo na mwenyewe ihifadhiwe. Nikaihifadhi kwa njia pekee inayozifaa zabibu. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye fani hii, kwa utiifu wa kanuni.

Mfaransa mmoja, Louis Pasteur, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1850 na 1860 kwamba kinachochachua ni viumbe hai vidogo sana: wanakula sukari, wanatoa pombe na hewa ya ukaa. Amepewa sifa tele. Lakini kule Bukoba watu wamekanyaga ndizi mbivu kwa miguu pamoja na nyasi, ndani ya mtumbwi wa mti, wakatia mtama, wakanywa rubisi na kuoza mabinti zao, na hakuna aliyewajengea sanamu. Wala mimi sina sanamu. Nimeshazoea.

Haya, hesabu. Kila gramu 4 za sukari zikiliwa, inatoka karibu lita moja ya hewa. Ukiziba chupa ya nusu lita wakati bado gramu 20 hazijaliwa, na hizo ni vijiko vinne vitano vya chai tu, umeziamuru lita 5 za hewa zikae kwenye shingo ya chupa. Mimi nimeona daraja la tatu wakati wa Krismasi, najua kubanana. Ila abiria akizidiwa hutokea dirishani. Chupa yako ilikuwa na dirisha?

Wewe bila shaka ulifuata maelekezo ya rafiki. Chukua ya kwangu, uyabandike ukutani, kama bado una ukuta.

Mananasi mawili makubwa, yaliyoiva hadi mgeni ayanuse akiwa mlangoni. Yamenye, yakatekate, yaponde kwenye kinu. Tia sukari robo tatu ya kilo na maji ya limau moja, mimina maji yaliyochemka mpaka jumla ifike lita 5. Ndoo iwe ya plastiki ya chakula, iliyooshwa ikasuuzwa kwa maji ya moto. Ndoo ya bati usiiguse, uchachu wa tunda unakula yale madini yaliyopakwa juu yake, na utakayoyanywa hayatakuwa mvinyo. Sasa ngoja. Hapa ndipo wenye pupa wanapoumbuka: wanatupia hamira maji yangali ya moto, hamira inakufa papo hapo, halafu wanasema wamerogwa na jirani. Subiri hadi maji yawe ya kumwogeshea mtoto mchanga, ndipo unyunyize nusu kijiko cha chai. Hamira ya maandazi inatosha. Gramu 17 za sukari katika kila lita hukupa kama asilimia 1 ya kilevi, kwa hiyo ukijumlisha na utamu wa nanasi lenyewe utakaribia asilimia 10. Hapo hamira ya maandazi huanza kusinzia. Ile ya wenye mashamba ya mizabibu huvumilia zaidi, lakini hiyo kwa kuumua andazi ni mvivu. Kila mtu na kazi yake.

Funika kwa kanga safi, koroga asubuhi na jioni. Jina la kanga nalo lina uzito wake. Niliwahi kufunikia ile yenye kumsema jirani, na mvinyo ukatoka mkali hadi jirani mwenyewe akaja kuomba msamaha kwa kosa ambalo sikuwa nalijua. Tumia yenye dua.

Tabata kuna joto, na joto likizidi hamira inataabika na mvinyo unanuka vibaya. Simamisha ndoo ndani ya beseni la maji, ivishe fulana kuukuu ambayo pindo lake limezama majini. Fulana inanyonya, upepo unakausha, ndoo inapoa. Usiku mimi huisomea na ratiba ya treni, kwa sauti ya chini. Kigwe, Bahi, Saranda. Hutulia.

Siku ya tano chuja machicha, hamishia kwenye dumu na ulijaze hadi karibu na shingo. Toboa kizibo, pitisha mpira wa dripu, ncha ya pili izame ndani ya glasi ya maji. Hewa itatoka ikibubujika, na vile vinzi vya ndizi mbivu havitapata njia ya kuingia. Kisha kaa kwenye kigoda na saa mkononi, uhesabu mapovu. Kazi hii nilizaliwa nayo.

Povu moja kila sekunde tatu: treni iko Morogoro. Moja kila dakika mbili: iko Gulwe. Na Gulwe, mjukuu wangu, si Dodoma! Wewe ulishusha mizigo Gulwe. Unangoja hadi mapovu yakome kabisa, mvinyo ung’ae, mashapo yalale chini, na ukiuonja usikute utamu wa sukari. Ni wiki 6, pengine 8. Ndipo unapouvuta kwa mpira taratibu bila kuyaamsha mashapo, na ndipo unaziba chupa.

Utaniuliza: Babu, wewe hujawahi kuziba mapema? Swali hilo halina adabu. Nitasema tu kwamba zile zabibu nilizihifadhi kwenye kabati la ofisi, chupa 22, na alasiri moja ya Oktoba pakatokea milio mfululizo ambayo dereva aliitafsiri kuwa ni ishara. Treni ikaondoka dakika 40 kabla ya saa yake. Ndiyo siku pekee katika historia yetu treni kuondoka mapema, na sifa hiyo hadi leo haijaandikwa kwa jina langu.

Mhariri ananionyesha kwa vidole kuwa nimebakiza mistari sita. Hajawahi kuendesha stesheni, lakini haya. Mjukuu: okota vioo vyote hata vya chini ya godoro, nunua rangi nyeupe lita 4, paka dari mwenyewe mama akiwa anakutazama, mwombe radhi ukiwa bado juu ya ngazi, maana mtu aliye juu ya ngazi hafukuzwi. Usimpe mvinyo kama kifuta machozi. Usiuuze bila leseni, na akitokea wa kukushauri uuchemshe na kukinga mvuke, hiyo ni gongo, ina kesi yake. Mchumba, sina nafasi.

Nawe msomaji wa Morogoro, unayesema ulijaza mvinyo dumu nusu, ukaliacha wazi mwezi mzima, na sasa “una harufu fulani”: ni siki hiyo, imepata hewa. Katia nyanya na vitunguu.