Koti Bila Suruali

Mpwa wangu ni daktari, na msimu mzima wa usaili sebule yangu hapa Tanga ilikuwa Marekani. Alikuwa akiomba nafasi ya kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali za huko, ambazo tangu janga la korona la 2020 nyingi huwasaili madaktari kwa video. Watu wanausema vibaya usaili huu. Mimi nimekaa nao nyumba moja, naomba niutetee.

Kwanza, una huruma. Zamani mwombaji alihangaikia viza, akakata tiketi, akazunguka miji mitano kwenye baridi kali na suti moja, akilala kwenye makochi ya watu. Leo hata suti nzima ya nini? Mpwa wangu alishonesha koti tu. Juu ya meza shati jeupe na tai. Chini ya meza kikoi na ndala. Maprofesa wa Ohio wamezungumza na kikoi kwa heshima zote.

Halafu unatia adabu. Saa mbili asubuhi ya New York, wakati wao wa baridi, ni saa kumi jioni kwetu, ndiyo saa ya muuza aiskrimu kupita na wimbo wake. Nilimlipa apitie mtaa wa pili. Feni tuliizima kwa sababu ya mngurumo, kijana akalowa jasho, na mbele ya taa tuliyoisimamisha juu ya rundo la vitabu jasho lile liling'aa kama bidii. Ukuta wa nyuma yake tuliupaka rangi, ule mmoja, tena upana wa kamera tu. Dada yangu alikaa mlangoni na ufagio kuzuia kuku. Tangu nijenge nyumba hii sijawahi kuisikia kimya vile.

Na unasitiri. Mtu akikuuliza ana kwa ana swali lililokushinda, utakimbilia wapi? Hapa unainamia skrini, unasema, "Samahani, sauti inakatika," unapata nusu dakika ya kufikiri. Siku moja intaneti iligoma kweli, uso wa kijana ukaganda mdomo wazi, kama aliyepigwa ganzi kwa daktari wa meno. Aliporudi kwa bando la simu yangu, alimkuta profesa anaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. Alielewa nini, Mungu ndiye ajuaye.

Hospitali nazo zilijua kuvaa koti. Kila moja ilionyesha filamu yake: ukumbi wa vioo, madaktari vijana wakicheka kantini, jua likizama. Chumba wanacholala wa zamu ya usiku sikukiona hata mara moja. Hao vijana walipoachwa waongee na waombaji kwa uhuru, wote walisema wana furaha, mmoja akipiga miayo. Wenye kulalamika husema huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Sawa, lakini hapa mnunuzi naye yumo guniani, kwa hiyo nani kadhulumiwa?

Mshenga ni kompyuta. Mwombaji anapanga hospitali kwa anavyozipenda, hospitali zinapanga waombaji, kisha hesabu aliyoisuka upya Alvin Roth, yule aliyepata Nobel ya uchumi 2012 pamoja na Lloyd Shapley, inawaozesha. Majibu hutoka Machi: Jumatatu unaambiwa umeolewa, Ijumaa unaambiwa na nani. Kukataa hakuna.

Mpwa wangu kaozwa hospitali ambayo hajawahi kunusa korido yake. Nderemo zilipigwa, na muuza aiskrimu tukamrudisha mtaani. Kazi inaanza Julai. Jana tumekwenda kwa fundi na lile koti mkononi, kuulizia suruali. Fundi alilipapasa, akaligeuza, akasema kitambaa hicho kiliisha tangu Novemba. Kilichobaki kimekaribiana rangi, cha kijivu kidogo.

"Lakini kwa mbali, mzee wangu," akasema, "hakuna atakayejua."