Vuli ya Nyeri

Mpwa wangu anaishi Toronto. Oktoba iliyopita alinitumia picha: yeye, koti refu, bustani ya mimea, na majani mekundu na ya manjano yamemfunika miguu hadi vifundoni. Chini kaandika, "Mjomba, huku vuli imekolea."

Niliitazama kwa wivu, kisha kwa hasira. Vuli? Mimi mtoto wa Mombasa, vuli niijuayo ni mvua ile ya mwisho wa mwaka, wakati kila kitu kinachipua, hata mbegu ya papai uliyoitupa jalalani. Sijui mtunga kamusi gani aliuchukua msimu wa kuota akaupa kazi ya kupukutisha.

Bahati nzuri nilikuwa Nyeri, ukweni. Nikaamua nami nitembee matembezi ya vuli, nipige picha, nimjibu. Pale tunapokaa hakuna bustani ya mimea yenye lango na vibao vya majina ya Kilatini. Yuko mama mkwe, ambaye ni vibao vyote hivyo kwa pamoja, tena vinavyosema.

"Baba Salma, waenda wapi?"

"Natembea tu, Mama."

"Kutembea tu?" Aliniangalia kama niliyemwambia naenda kufua nguo safi. Akachukua mwavuli, kiondo, na soksi moja kuukuu. Habari za soksi sikuuliza. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Tulianzia makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro, alikozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Mzee huyu alihamia Nyeri mwaka 1938, akaishi katika kijumba kiitwacho Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, akafa tarehe 8 Januari 1941. Baadaye kijumba hichohicho kilikaliwa na Jim Corbett, yule msasi wa chui milia wala watu wa India, naye tangu 1955 amelala makaburi hayahaya. Kwenye jiwe la Baden-Powell pamechongwa duara lenye nukta katikati. Mimi niliwahi kuwa skauti kwa mihula miwili, kwa hiyo nilipata nafasi ya kufundisha.

"Mama, hii ni alama ya njiani ya maskauti. Maana yake: nimekwenda nyumbani."

Akaikazia macho. "Mtu mzima achore duara badala ya kuaga?"

Tukaendelea. Oktoba ndio mwezi wa mijakaranda, na chini ya mmoja barabara ilikuwa zambarau tupu. Nikajiambia, picha ya kumjibu mpwa ni hii. Nikarudi nyuma hatua mbili nitafute pembe nzuri. Sasa, ua la mjakaranda likilowa lina utelezi wa bamia. Nilikaa chini bila kukaribishwa. Picha iliyotoka ina wingu na kiatu changu.

"Mti huo ni mgeni," alisema Mama, kana kwamba ni mti ulionisukuma.

Tukateremka bonde la mto Chania, naye akinisomea orodha. Huu mukima, wa mbao na kuni. Ule mkaratusi, mlevi, usiupande karibu na kisima. Majani ya mukima yalikuwa yamelala chini, kidogo kidogo, kama yanavyofanya mwaka mzima bila kungoja mwezi wa mtu. Nikaona nimweleze jinsi mambo yalivyo kwa mpwa: kule mchana unafupika, mti ukihisi hivyo unaacha kutengeneza rangi yake ya kijani, na manjano iliyojificha chini yake inajitokeza. Sisi tuko jirani na ikweta, jua linachomoza na kutua karibu saa zilezile Januari hadi Desemba, kwa hiyo mti haupati habari.

"Kumbe miti ya huko inaogopa giza," akahitimisha. Nilitafuta la kujibu, sikulipata.

Mbele kidogo palisimama mugumo. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe hapahapa Nyeri mwaka 1940, amesimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Hilo nililijua, kwa hiyo sikugusa kitu. Niliuzunguka tu, nikipiga picha.

"Umezunguka mara ngapi?" sauti ya Mama ilibadilika.

"Sijahesabu. Tano? Sita?"

"Simama hapohapo!"

Watoto wa huku huambiwa kwamba anayeuzunguka mugumo mara saba hugeuka: mwanamume akawa mwanamke, mwanamke akawa mwanamume. Mama ni mwanakwaya, mambo hayo hayaamini hata kidogo.

"Siamini," alisema, "lakini binti yangu ana mume mmoja tu. Zunguka kinyume."

Nikazunguka kinyume, mara sita, kwa usalama. Kwenye ya sita tope jekundu likanivuta mguu, mkono ukadaka mmea uliokuwa karibu. Thabai. Jani lake ukilitazama karibu lina vinywele vyembamba kama sindano za kioo. Ncha inavunjikia ndani ya ngozi na kuacha sumu yake humo. Nilipiga yowe lililorusha ndege. Mama akaja mbio, akanipita.

"Hizi ni changa!" akafurahi. Akavaa ile soksi mkononi, akaanza kuchuma kwa ajili ya kupika mukimo. Thabai ikishachemshwa haiwashi, alinifahamisha, bila kugeuka.

Nikaenda kutia kiganja mtoni. Ndipo vuli ikaja, vuli yenyewe, ile ya kwetu, kwa ndoo. Nilipoinua kichwa, Mama hayupo, kiondo hakipo, mwavuli haupo. Nikapanda kilima nikiita hadi njia panda. Pale kwenye tope palikuwa na duara lililochorwa kwa ncha ya mwavuli, na nukta katikati.

Nikalipiga picha kabla halijajaa maji. Ndiyo niliyomtumia mpwa.