Muulize Shangazi wa Bilpam: Spika Tano, Ukuta Mmoja

Wiki hii barua zote zinapiga kelele. Utadhani lori zima la spika limevuka Nimule na kila mwenye mshahara akakimbilia boksi lake. Shangazi hachagui kilio. Mwezi uliopita tulishughulika na wanaume wanaoficha mshahara chini ya godoro, mwezi huu ni zamu ya wanaouficha ndani ya sabufa. Haya, tuanze.

"Shikamoo Shangazi. Nimenunua seti ya sinema ya nyumbani, spika tano na sabufa moja. Boksi limeandikwa wati 12,000. Nimekuja nalo kwa basi kutoka Kampala, nimelipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Spika zote nimezipanga juu ya kabati la TV ili wageni wazione. Mke wangu anasema hiyo ni redio tu yenye makelele. Nimjibu nini?" – Mwenye Wati, Bilpam

Marahaba, mwanangu. Kwanza mwombe mkeo radhi, maana ana masikio.

Hizo wati 12,000 ni za boksi, si za spika. Geuza mtambo wako, chini ya pale unapotokea waya wa umeme pana kibandiko kidogo ambacho muuzaji hakukuonyesha. Hapo pameandikwa umeme unaoliwa: wati 60, pengine 80, ukibahatika 100. Kitu kinachokula 80 hakiwezi kutapika 12,000. Tena plagi yako ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13, na kwa volti 230 hiyo haifikishi hata wati 3,000. Ungekuwa kweli na wati 12,000, ungeshaunguza nyumba kabla jina la filamu halijatokea. Ukiona herufi PMPO kwenye boksi, ujue kiwanda kimejipimia kwa kamba yake chenyewe. Tafuta RMS, ndiyo inayokaribia ukweli, na ikiwa haijaandikwa popote, hilo nalo ni jibu.

Wala usisikitike. Spika ya kawaida ukiipa wati moja tu, nawe ukakaa mita moja mbele yake, inakutolea desibeli 85 au zaidi kidogo, na hapo anayetaka kukuomba chumvi lazima apaze sauti. Ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu za ziada. Wati hazijakupungukia. Kilichokupungukia ni mpangilio.

Spika tano juu ya kabati moja! Wageni wanatazama spika, sinema anaitazama nani? Hesabu huanzia kwenye kiti. Kaa pale unapokaa siku zote. Spika ya kati iwe chini ya TV au juu yake, imekuelekea usoni, kwa sababu maneno ya waigizaji karibu yote hutokea humo. Ya kushoto na ya kulia ziachane kwa umbali uleule ulio kati ya kila moja na kiti chako, yaani ukichora kwa chaki sakafuni upate pembetatu yenye pande sawa. Mbili zilizobaki zikae ubavuni mwako, zirudi nyuma kidogo, nyuzi 110 hadi 120 ukihesabu kutoka kwenye TV, na ziwe juu ya masikio yako kwa futi mbili hivi. Hizo hazina maneno mengi. Kazi yao ni mvua, nzige, umati wa sokoni, helikopta inayopita. Ukizisikia muda wote, umezifungulia kupita kiasi.

Sasa nenda nyuma ya TV. Kama waya uliounganisha ni ule wa vichwa viwili, chekundu na cheupe, basi kinachopita humo ni sauti ya kushoto na ya kulia tu, basi. Mtambo wako unanakili hizohizo na kuzigawa kwenye spika zote. Mkeo kagundua hilo bila kufungua boksi. Unahitaji tundu la HDMI lililoandikwa ARC, au ule waya mwembamba unaopitisha sauti kwa mwanga, na mtambo wenyewe uwe na uwezo wa kuichambua sauti hiyo. Kama hauna, funga spika mbili nzuri za mbele na utazame filamu kwa raha. Mbili zilizokaa mahali pake hushinda tano zilizopanga foleni.

Na ukifunga, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kila spika. Ukipindua moja tu ya mbele, moja itakuwa inasukuma hewa huku mwenzake akiivuta, besi inakufa, na mwigizaji anaongea usijue yuko wapi. Waya zako zikiwa hazina rangi, gusisha betri ndogo ya rimoti kwenye ncha mbili kwa nukta moja, spika ikiwa haijaunganishwa kwenye mtambo. Karatasi ya spika ikiruka mbele, chanya ya betri imekutana na chanya ya spika. Weka alama hapo kwa rangi ya kucha ya mkeo. Umwombe kwanza.

"Shangazi, mume wangu ni mtu mzima, ana cheo, watu humpigia saluti. Juzi usiku nimetoka chumbani nikamkuta anatambaa sebuleni kwa magoti, sikio karibu na sakafu, shati nje. Kitini pake pameketi sabufa, inanguruma. Aliponiona akaniambia nyamaza. Ni ulozi au ni ugonjwa?" – Nimeogopa, Bilpam

Usiogope, mama. Umeolewa na mtu aliyesoma maelekezo, na hao ni wachache.

Ule mngurumo mzito wa mitetemo 50 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa karibu mita 7. Sebule yako pengine ina mita 4. Wimbi halipati mahali pa kunyooka, linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lenzake. Penye kukutana vizuri besi inavimba mpaka vikombe vinatembea kabatini. Penye kuuana, besi haipo kabisa. Ndiyo maana mtu akikaa kwenye kochi anasema sabufa mbovu, na aliye jikoni anasema punguza. Wote wawili wanasema kweli.

Dawa yake ni hiyo aliyokuwa akiifanya. Sabufa hupandishwa kwenye kiti cha msikilizaji, hupigiwa wimbo mmoja wenye besi unaojirudia, kisha mwenye nyumba hutambaa kandokando ya kuta akisikiliza. Mahali ambapo besi inasikika imetulia, haivimbi wala haipotei, ndipo sabufa itakapowekwa, naye atarudi kitini kwake na shati lake ndani. Sikio la binadamu halijui vizuri sauti za chini ya mitetemo 80 zinatoka upande gani, kwa hiyo hata ikiishia nyuma ya kiti hutajua. Ila mwambie asiikimbilie kona. Kona huipa besi nguvu za bure, lakini nguvu zenyewe ni za fujo.

Mkimaliza, mtazame juu. Misumari ya mabati na mbao za dari hupenda kuimba na sabufa. Kilicholegea kikazwe. Mvua kubwa ya Juba ikianza kupiga mabati hayo, zimeni mtambo mnywe chai, maana hakuna mfumo wa sauti uliowahi kuishinda.

"Shangazi, naomba hii uitoe gazetini. Tumepakana ukuta na kijana mmoja, mtu mwema, anafanya kazi kwenye shirika, anaamkia kila mtu. Tatizo ni saa nne usiku. Anatazama filamu za vita kwa hizo spika zake za kuzunguka. Mara mbili nimewatoa watoto kitandani nikawalaza sakafuni. Nikitoka nje namsikia anacheka. Niseme nini bila kugombana?" – Mama wa Watatu, Bilpam

Dada yangu, wewe ninakujibu kwa kumsemesha yeye.

Kijana, wewe umeikuta Bilpam kwenye ramani ya kutafutia nyumba. Hapa pana makao makuu ya jeshi, na hata jina limetoka kwenye kambi ya Ethiopia ya jeshi la ukombozi SPLA, lililoanza mwaka 1983. Desemba 2013, na tena Julai 2016, mapigano yalipozuka hapa Juba, watu wa mji huu walikaa chini ya vitanda wakihesabu milio na kukisia imetoka wapi. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano wakati ule leo amekua, na bado anajua mlango upi ufungwe kwanza. Kwa watu hao wewe umefungulia mizinga saa nne usiku.

Najua utasema: lakini sauti haikuwa kubwa, nilikuwa naisikia vizuri tu. Hapo ndipo ulipokosea, na kosa ni la fizikia kabla ya kuwa la adabu. Ukuta wa tofali huzuia sauti nyembamba na huachia nzito. Maneno, muziki, vicheko vya waigizaji, ile kengele inayokwambia hii ni hadithi, vyote hubaki sebuleni kwako. Kinachovuka ni kishindo peke yake. Wewe unasikia filamu, jirani anasikia mabomu yasiyo na filamu. Tena kishindo kilichochujwa na ukuta kinafanana kabisa na kishindo cha mbali, maana umbali nao huchuja hivyohivyo. Mama huyu hakukosea kuwalaza watoto chini. Masikio yake yalimpa taarifa sahihi.

Na watengenezaji wa sauti za sinema walikikusudia hasa kishindo hicho. Dolby walipopeleka mfumo wao wa kidijitali kwenye majumba ya sinema mwaka 1992, na filamu ya Batman Returns, ile nukta moja katika 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, ilikuwa njia ya sabufa peke yake, kwa ajili ya vishindo vya chini ya mitetemo 120. Mtazamaji alitakiwa ashtuke kitini. Huko walikokuwa, aliyeshtuka alijua amelipa kiingilio.

Basi fanya hivi. Kwenye rimoti yako au ndani ya mipangilio pana kitu kinachoitwa hali ya usiku. Kiwashe. Kinainua maneno na kubana vishindo, hutapoteza hadithi. Sabufa ikifika saa mbili izime kabisa, si kupunguza, kuzima. Iondoe kwenye ule ukuta mnaopakana hata kama ulitambaa usiku kucha ukapata kwamba ndipo penye besi nzuri. Filamu za vita zipeleke Jumamosi mchana, na kabla hujabonyeza ugonge mlango wa jirani umwambie, "Mama, leo ni filamu." Ukitaka kusikia risasi saa nne usiku, nunua spika za masikioni. Hazina wati nyingi, lakini risasi zitabaki kwako.

Wewe dada, mkatie ukurasa huu uupitishe chini ya mlango wake. Kama ni mwema kama unavyosema, kesho atakuja na sukari.

"Habari Shangazi. Mimi ni mshabiki wa DJ Afro, yule anayetafsiri filamu. Nikinunua spika za 5.1, nitamsikia akitafsiri kutoka nyuma?" – Kijana wa Raksha

Hutamsikia, na afadhali. Filamu iliyowekewa sauti ya mtafsiri juu, ukaipata kwenye flashi, kwa kawaida ina njia mbili tu, na mara nyingi zote mbili zinasema kitu kimoja. Spika za nyuma zitakaa bure au zitanakili. Nunua spika moja nzuri inayosema maneno yakasikika, umsikilize bwana wako kutoka mbele.

"Shangazi, ndani ya spika zangu mna nyuki. Umeme wa JEDCO ukiwepo wananyamaza, ukikatika nikiwasha inveta ya sola wanaanza." – Mpenda Utulivu

Umejijibu mwenyewe, mwanangu. Inveta za bei poa hazitoi mawimbi laini ya umeme, hutoa ya ngazingazi, na kikuza sauti hukusomea hizo ngazi kama mlio. Nunua inayotoa mawimbi laini. Ukiwa na jenereta, weka na kinga ya volti yenye kuchelewa dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite, maana jenereta likiwashwa huanza kwa kurukaruka, na wa kwanza kufa ni mtambo wa sauti, kisha friji.

"Shangazi, nina kibanda cha kuonyesha mpira na sinema, mabenchi sita. Nataka kufunga spika za kuzunguka ili niwaache washindani. Unanishauri seti gani?" – Mfanyabiashara

Usinunue. Mzunguko huo umepigiwa hesabu kwa mtu aliye katikati. Wa benchi la ukutani atakuwa na spika ya nyuma sikioni, asikie mashabiki wa Anfield wanamzomea yeye, na mtangazaji asimsikie kabisa. Weka spika mbili kubwa mbele, juu ya vichwa, zimeinama kidogo kuelekea benchi la nyuma, na moja ya kati kwa ajili ya maneno. Pesa iliyobaki nunua feni.

Ukishindwa kabisa kujizuia na ukazifunga, basi kile kiti cha katikati kiwekee bei yake.