Kikaango na Binti wa Saa Tano Usiku

Kosa langu ni kikaango. Kimoja tu, kile kisichogandisha chapati, nilichoagiza mtandaoni Machi mwaka jana kwa kuogopa jua na msongamano wa Kariakoo. Bodaboda alikileta siku ya pili, nikalipa, nikadhani biashara imeishia pale mlangoni. Kumbe mimi nilinunua kikaango, wenzangu walikuwa wameposa.

Barua pepe ya kwanza ilinishukuru. Ya pili iliuliza kama kikaango hakijambo. Ya tatu ilinionyesha vikaango vingine kumi na viwili "ambavyo huenda ukavipenda", kana kwamba mtu akishanunua kimoja ugonjwa umemwingia. Ikaja ofa ya mwisho, ofa ya mwisho kabisa, kisha ofa ya mwisho kabisa iliyoongezwa siku mbili. Fundi cherehani wangu, bingwa wa "njoo kesho", hajafikia ustadi ule.

Ningevumilia, ila Juni walibadili mtindo. Badala ya jina la duka wakaanza kuweka jina la binti, la kwanza tu. Simu yangu hulala juu ya stuli, upande wa mama watoto. Saa tano na robo usiku kioo kikawaka, naye akasoma kwa sauti, taratibu, kama karani wa mahakama: "Mpendwa, tumekumisi. Mbona kimya? Rudi leo, kuna kitu tumekuwekea."

"Baba Neema, huyu nani?"

"Kikaango."

"Kikaango kina jina?"

Nikaifungua barua nzima aone mwenyewe. Bando lilikuwa limeisha, picha za vikaango zikagoma kufunguka, ikabaki mistari ya mahaba mitupu. Nikajitetea kwa historia: mambo haya yalianza Mei 1978, pale Gary Thuerk, muuza kompyuta wa kampuni ya DEC huko Marekani, alipowatumia watu wapatao 400 tangazo moja kwa mpigo. Akauliza kama Gary naye alikuwa anawaita watu "mpendwa". Nikahamia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwamba ninayo haki ya kukataa kutangaziwa biashara.

"Basi kataa, nikiona."

Kukataa kwenyewe ni safari. Kitufe cha kuingilia kilikuwa chekundu, kikubwa kama embe dodo. Cha kutokea ni neno "jiondoe", chini kabisa, kijivu juu ya kijivu. Nikabonyeza. Wakauliza kama nina hakika. Wakataka sababu, nichague moja kati ya sita. Yangu, "ndoa", haikuwemo. Wakasema itachukua siku kumi. Halafu wakanitumia barua ya kunithibitishia kwamba hawatanitumia tena barua.

Wakanyamaza kweli, haki yao niwape. Mwezi uliopita mama Neema akataka pasi, na duka lile lile lilikuwa na punguzo. Nikamwambia aagize kwa simu yake na anwani yake. Juzi usiku kioo chake kikawaka: "Mrembo, umetusahau?" Juu yake, jina la kijana, la kwanza tu.

Sijauliza kitu. Naamini ni pasi.