Nta ya Mgongo Wazi

Gari jeupe halijui kuficha siri. Jeusi huficha lami, la hudhurungi huficha tope la Kondele, na la rangi ya fedha huficha hata umri wake. Lakini Probox nyeupe, iliyoundwa Japani ili ibebe ngazi na ndoo za mafundi, ikilala Obunga usiku mmoja tu, asubuhi unasoma kwenye boneti habari zote za mtaa: paka amepita, kuku amepita, na mwanafunzi wa darasa la tatu ameandika kwa kidole juu ya vumbi, OSHA GARI MWALIMU. Ameandika bila kosa la tahajia, kwa hiyo sina hata la kumwadhibia.

Vumbi peke yake ningelivumilia. Tatizo ni kwamba Probox chafu, Kisumu, ni matatu. Ukisimama Kondele kungoja mtu, mlango wa nyuma unafunguliwa, mama anaingiza gunia, anaingia mwenyewe, halafu ndipo anauliza Luanda ni pesa ngapi. Ukimwambia gari hili ni la mtu binafsi, analitazama lote, anakutazama na wewe, haoni ushahidi. Kwa hiyo nta niliyoitafuta haikuwa ya urembo. Ilikuwa ya kutetea umiliki.

Kwa asiyepajua, Obunga ndipo mifupa ya mbuta hupewa maisha ya pili. Viwanda vya samaki vya Kisumu huchuna minofu ikasafirishwa nje, na kinachobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na nyama iliyong'ang'ania mifupani, huja kwetu, kikakaangwa kwenye makarai na kuitwa mgongo wazi. Ni chakula kitamu, na simruhusu mtu wa Milimani akidharau mbele yangu. Ila mafuta ya karai hayakai karaini. Hupanda na moshi yakitafuta pa kutua, na yakipewa nafasi ya kuchagua kati ya bati lenye kutu na gari jeupe, yana akili, yanachagua gari.

Nilipotangaza kwamba natafuta nta, kila mtu akawa na shahada ya somo hilo. Kijana anayeosha magari, ambaye kwake kila mwenye ufunguo ni mkubwa, alinitolea kopo lenye kitu chekundu. "Mkubwa, hii ndiyo tunaweka kwa Prado ya mheshimiwa." Sikatai. Lakini Prado ya mheshimiwa ni nyeusi, na hapo ndipo ushauri wa watu wengi unapopinda.

Polishi na nta hukaa rafu moja dukani na muuzaji huapa kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Polishi ni msasa uliosoma shule: ina chembe ndogo sana zinazokwangua tabaka jembamba la rangi, likaondoka pamoja na mikwaruzo na madoa. Nta haikwangui. Yenyewe hukaa juu ya rangi na kupokea mapigo. Gari jeusi linahitaji polishi kwa sababu kila mkwaruzo wa kitambaa unaonekana jua likipiga. Kwenye jeupe mikwaruzo hiyo huioni hata kwa tochi. Unachoona ni umanjano, lami, vidoa vya rangi ya chungwa pale chembe za chuma zilipotua zikashika kutu, na wadudu wa ziwani waliokufa kwenye bampa usiku wakifuata taa.

Ile nta yenye jina kubwa, karnauba, hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Ni ngumu, haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80, wakati nta ya nyuki hukata tamaa kwenye 60 na kidogo. Sifa yake ni kuikoleza rangi: wekundu unaiva, weusi unapata kina. Weupe hauna kina cha kuongezewa. Gari jeupe lililopakwa karnauba ya bei ghali ni gari jeupe.

Aliyenifaa ni fundi wa kupuliza rangi, ambaye huniita omera, yaani ndugu, hata mbele ya wanafunzi wangu. Alinipa kitambaa cheusi na tone la polishi. "Omera, sugua hapo kona ya mlango." Nikasugua. Kitambaa kikarudi cheupe. Umati (Obunga umati haukosekani) ukashtuka: "Woi! Mwalimu anatoa rangi!" Fundi akatuliza watu. Magari mengi meupe ya kazi, alieleza, hupigwa rangi tupu bila klia, lile tabaka angavu la kinga, juu yake, kwa hiyo polishi ikigusa inaondoka na rangi yenyewe. Ukisugua kila mwezi, siku moja utalisalimia bati. Papo hapo likazuka swali la rangi gani iko chini ya nyeupe, na mtu akaweka shilingi hamsini kwamba ni bluu.

Basi uamuzi ukawa huu: nta ya maji, ile ya kutengenezwa na polima, isiyo na rangi, yenye dawa kidogo ya kuondoa uchafu na isiyo na chembe za kukwangua. Hudumu kuliko karnauba, na haina majivuno. Yule kijana wa kuosha nilimwomba jambo moja tu, asitumie sabuni ya unga, maana hiyo huondoka na nta pamoja na tope. Aliniahidi kwa moyo mweupe, povu la sabuni ya unga likimchuruzika viwikoni.

Kopo linasema upake kivulini. Aliyeliandika hajaishi Obunga. Kivuli chetu ni mti mmoja, na mti una wenyewe: korongo wale wenye vipara, wanaofuata mabaki ya samaki, ndege wazito ambao wakijisaidia unasikia mlio. Kinyesi cha ndege kina asidi, na kikikaukia juani hula rangi. Ukihama mti, unapaka juani, nta inakauka kabla hujaifuta. Ukingoja alasiri jua lipungue, ziwa linatuma mvua. Halafu nta yenyewe ikikauka ni nyeupe, gari ni jeupe, hujui umepaka wapi. Watoto walijitolea kukagua. Waliona vizuri kuliko mimi, na kila walipoona waliweka kiganja kunionyesha, kiganja kilichotoka kula mgongo wazi.

Kitambaa cha kufutia, kile laini cha nyuzi ndogo nilichoagiza Nairobi, nilikikuta kwa jirani yangu kimeshika sikio la karai la moto. Nyuzi hizo ni plastiki. "Nyathina," aliniambia kwa huruma, "hiki kitambaa chako si kizuri, kimeyeyuka."

Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia mvua ilipofika. Maji yakajikusanya matone matone juu ya nta, yakaviringika na kudondoka, nami nikawaita mashahidi chini ya mabati wajionee. Jirani alitazama, akanyoosha mwiko wake kuelekea upande wa kushoto, ule unaotazamana na karai lake, ambao sikuwa nimeugusa. Kule matone yalikuwa makubwa zaidi na ya duara zaidi.

"Hiyo yangu ni ya bure," alisema.

Nilimweleza habari za polima. Alinisikiliza kwa heshima anayostahili mwalimu, akageuza samaki, akaniuliza kama na hiyo yangu paka huilamba.